Kuimarisha saruji ya tanuri kwa grafeni: kuchanganya, kukausha na kupima

Grafeni, yaani karatasi nyembamba mno za kaboni, haiifanyi saruji ihimili moto. Kazi hiyo hufanywa na saruji yenye alumina (oksaidi ya alumini) nyingi ikishirikiana na kokoto za tofali la moto, lile la kujengea matanuri. Grafeni huongezwa juu ya hapo, gramu moja au mbili tu katika kilo 25 za mchanganyiko, ili kupunguza nyufa ndogo zinazoanza wakati saruji inakaza na kukauka. Anayekwambia kwamba dawa yake ya grafeni itaigeuza saruji ya kujengea nyumba kuwa saruji ya tanuri, anakuuzia wino mweusi.

Hapa tutatengeneza bamba moja la sakafu ya tanuri la mikate, sentimita 40 kwa 40, unene sentimita 5, kwa tanuri ambalo moto wake unawaka kwenye chumba cha pembeni au cha chini. Nimelichagua bamba hili kwa makusudi: ni mojawapo ya mahali pachache ambapo grafeni inaweza kubaki ndani ya saruji hata baada ya tanuri kuanza kazi. Sababu iko kwenye hatua ya kwanza.

Hatua ya 1: Jua joto la kazi yako

Grafeni ni kaboni, na kaboni huungua. Grafeni oksaidi, yaani grafeni iliyoungana na oksijeni, ambayo ndiyo rahisi zaidi kuchanganya na maji, huanza kupoteza oksijeni yake kwenye nyuzi 200 hivi za Selsiasi. Kinachobaki ni karatasi nyembamba za kaboni, nazo penye hewa huanza kuliwa na moto kati ya nyuzi 450 na 600, kutegemea ukubwa wa vipande na jinsi hewa inavyopenya.

Sasa weka kazi yako kwenye kipimo hicho. Tanuri la mikate hufanya kazi kwenye nyuzi 220 hadi 300, na sakafu isiyoguswa na makaa haipandi sana kupita hapo. Kaboni inabaki. Tanuri la kuyeyushia alumini ni habari nyingine: alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, fundi huimimina ikiwa 700 hadi 750, na ukuta unaotazamana na mkaa unaopulizwa hupita 1,000 bila shida. Hapo grafeni ya upande wa moto itaungua ndani ya siku za mwanzo, na itakayosalia ni ile ya upande wa nyuma tu. Shaba nyeupe na shaba nyekundu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, ndiyo usiseme.

Utasikia watu wakitoa mfano wa viwanda vya chuma, ambako tofali za magnesia na kaboni hukaa ndani ya ndoo za chuma kilichoyeyuka. Ni kweli, lakini tofali zile huchanganywa na unga wa alumini au silikoni ambao hukamata oksijeni kabla haijaifikia kaboni, na kwa muda mwingi zimefunikwa na chuma na takataka zake, si hewa. Huwezi kuuchukua mfano huo ukaupeleka kwenye tanuri la uani lenye mlango wazi.

Hatua ya 2: Chagua saruji

Saruji ya kawaida, yaani ya Portland, iache. Ikikaza huwa na chokaa ndani yake, na kati ya nyuzi 400 na 500 chokaa hiyo hupoteza maji na kuwa chokaa kavu isiyozimwa. Tanuri likipoa, unyevu wa hewa huirudia chokaa ile, inavimba, na ukuta unaanza kumomonyoka. Ndiyo maana jiko lililopigwa saruji ya kawaida huonekana zima kabisa siku ya kwanza, halafu likaanza kutoa unga baada ya mvua mbili tatu, na mwenye jiko akamlaumu aliyemuuzia mkaa.

Unachotaka ni saruji ya kalsiamu aluminati, ambayo wauzaji wengi huiita saruji ya alumina au saruji ya moto. Jules Bied wa kampuni ya Lafarge ndiye aliyepata hataza yake huko Ufaransa mwaka 1908, na shida aliyokuwa akiitafutia dawa haikuwa moto: ilikuwa maji yenye salfeti yaliyokuwa yakila zege. Kuhimili moto kulikuja kutumika baadaye. Ziko za kijivu zenye alumina kama asilimia 40, na nyeupe zenye asilimia 70 na zaidi. Kwa tanuri la mikate ya kijivu inatosha kabisa. Ya asilimia 70 ni kwa wanaopanda juu ya nyuzi 1,300, na bei yake inakukumbusha hilo.

Mambo mawili kuhusu saruji hii. Usiichanganye na ya Portland hata kidogo, wala usitumie karai, mwiko au koleo lenye mabaki ya Portland, kwa sababu zikikutana hukaza ghafla na utabaki umeshika jiwe kabla hujafika kwenye kalibu. Pili, usiitumie kwa nguzo wala boriti za nyumba. Hupoteza nguvu polepole kadiri fuwele zake zinavyojibadilisha, hasa penye joto na unyevu. Mwaka 1974 paa la bwawa la kuogelea la shule moja Stepney, London, liliporomoka kwa sababu hiyo.

Bonyeza mfuko kabla ya kulipa. Ukisikia mabonge magumu yasiyovunjika kwa vidole, urudishe.

Hatua ya 3: Andaa kokoto

Mchanga wa mtoni haufai, kwa sababu kwazi, madini yaliyojaa ndani yake, hubadilika umbo na kutanuka ghafla kwenye nyuzi 573. Mawe ya matumbawe, ambayo watu wa Pwani wanayapata bure, ni chokaa tupu na huanza kuvunjika yakipita nyuzi 700. Hata kama bamba lako halitafika huko, siku moja mtu atawasha moto kupita kiasi.

Tafuta tofali za moto zilizovunjika, hata za tanuri kuukuu, mradi hazina masizi ya mafuta wala kioo kilichoganda juu. Ziponde. Vaa barakoa ya vumbi iliyo nzuri, si kitambaa, na nyunyiza maji kidogo: vumbi la tofali lina silika, na silika huua mapafu taratibu.

Chekecha kwa wavu wa milimita 5, kinachobaki juu kiponde tena. Kisha pitisha kwenye wavu wa dirisha wa kuzuia mbu, ambao matundu yake huwa ya milimita moja hadi moja na nusu. Kwa kilo 20 tunazohitaji, chukua kilo 9 za zilizobaki juu ya wavu wa mbu na kilo 11 za zilizopita, na hakikisha theluthi moja ya hizo 11 ni unga laini. Punje kubwa zikiwa peke yake zinaacha mianya; unga ukizidi, maji yanazidi nao. Pitisha sumaku juu ya rundo kuondoa vipande vya chuma vya nyundo na kinu.

Sehemu hii inachosha na haina sifa, lakini mpangilio mzuri wa punje utakupa nguvu nyingi kuliko chupa yoyote ya grafeni utakayonunua. Asiyetaka kuchekecha asihangaike na hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Nunua grafeni iliyo grafeni

Grafeni ilitengwa mwaka 2004 na Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, wakapata Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2010. Tangu hapo jina limekuwa la biashara. Mwaka 2018 watafiti wa Singapore walichapisha matokeo ya kupima bidhaa za wazalishaji 60 kutoka nchi mbalimbali, wakakuta nyingi zina grafeni ya kweli chini ya asilimia 10, nyingine yote ikiwa ni unga wa grafiti, kaboni ile ya penseli.

Kwa saruji, nunua grafeni oksaidi iliyokwisha kusambazwa ndani ya maji, ya gramu 4 kwa lita, kipimo ambacho wauzaji wengi wanacho. Usinunue unga mkavu. Unga unaruka na kuingia mapafuni, na grafeni oksaidi kavu ikipashwa moto ghafla ikiwa bonge huripuka kwa mwako wa haraka. Iliyomo kwenye maji, gramu moja na nusu ndani ya kilo 25 za saruji na kokoto, haina hatari hiyo. Chupa iliyokaukia karibu na tanuri inayo.

Kimiminika kizuri kina rangi ya kahawia iliyokolea na kikikaa rafuni wiki nzima hakitengani. Ukiona cha kijivu kinachozama chini na kuacha maji meupe juu, na ukikisugua kidoleni kinaacha alama ya penseli, hiyo ni grafiti. Grafiti ya kutosha ipo Mahenge na Ruangwa huko Tanzania, na ndiyo malighafi ambayo grafeni hutengenezwa nayo, lakini kuitia grafiti yenyewe kwenye saruji ni kuidhoofisha: vipande vyake ni vikubwa, vinateleza, na havipatani na maji.

Kuna video zinazoonyesha namna ya kutengeneza grafeni oksaidi nyumbani kwa asidi ya salfuriki na pamanganeti. Usijaribu. Mchanganyiko ule hutoa oksaidi ya manganizi ambayo joto likizidi kidogo tu nyuzi 50 inaweza kulipuka, na maabara zenye barafu, vioo vya kinga na mafundi wake zinaufanya kwa tahadhari kubwa.

Hatua ya 5: Piga hesabu kabla ya kufungua kitu

Mchanganyiko wetu ni kilo 5 za saruji ya alumina na kilo 20 za kokoto. Jumla kilo 25, zinazotosha bamba moja lenye uzito wa kilo 17 hivi, na zinazosalia zinajaza vipande vya majaribio.

Kiasi cha grafeni oksaidi hupimwa kwa uzito wa saruji, si wa mchanganyiko wote. Anzia asilimia 0.03. Asilimia 0.03 ya gramu 5,000 ni gramu 1.5, na kwa kimiminika cha gramu 4 kwa lita hiyo ni mililita 375.

Maji yote ni asilimia 11 ya kilo 25, yaani lita 2.75. Toa zile mililita 375, kwa sababu nazo ni maji, zinabaki lita 2.37 za maji safi. Wengi husahau kutoa, wakamwaga maji ya ziada, halafu wakashangaa kwa nini chenye grafeni kimekuwa dhaifu kuliko kisicho nayo. Kama tofali ulizoponda ni za aina nyepesi zinazonyonya, maji yanaweza kufika lita 3 na nusu. Mtihani wa mkono hapo mbele utakwambia.

Pima pia gramu 12 za nyuzi za polipropilini, yaani nyuzi za plastiki, na gramu 10 za dawa ya zege ya kulainisha, ile ya polikaboksileti. Nyuzi zina kazi yake, tutaifikia. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja inatosha kwa hivi vyote.

Hatua ya 6: Sambaza grafeni, na ujaribu kwenye glasi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika bila mtu kuona. Grafeni oksaidi hutulia vizuri ndani ya maji matupu, lakini maji ya saruji yamejaa kalsiamu, na kalsiamu huyavuta makaratasi yale yashikane. Yakishikana, hayaimarishi chochote; yanakuwa uchafu.

Fanya jaribio hili, linachukua dakika 20. Koroga gramu 50 za saruji yako ndani ya nusu lita ya maji kwa dakika kumi, uchuje kwa kitambaa kizito, ugawe maji hayo kwenye glasi mbili. Ya kwanza itie matone kumi ya grafeni oksaidi. Ya pili, matone hayo yachanganye kwanza pembeni na tone moja la dawa ya kulainisha, ndipo uyamimine. Ziinue kwenye mwanga. Katika glasi ya kwanza rangi ya kahawia itakatika na kuwa mabonge yanayoshuka kama majani ya chai. Katika ya pili, kama dawa yako inafanya kazi, maji yatabaki na rangi moja. Glasi ya pili nayo ikikatika, ongeza tone la dawa urudie. Ikiendelea kukatika, badilisha dawa, maana si polikaboksileti zote zinazolingana.

Kutokana na jaribio hilo unapata mpangilio wa kuchanganya: dawa ya kulainisha ndani ya maji kwanza, kisha grafeni oksaidi ndani ya maji yale, halafu koroga. Molekuli za dawa zina mikia mirefu inayoyatenga makaratasi, lakini ni lazima ziyafikie kabla ya kalsiamu. Maabara hutumia mashine ya mawimbi ya sauti. Wewe tumia blenda ya zamani ambayo haitarudi jikoni, dakika moja kwa dakika moja ya kupumzika, mara tano, ili maji yasipate moto.

Hatua ya 7: Changanya na umimine

Changanya vikavu kwanza: saruji, kokoto na nyuzi, mpaka rangi iwe moja na nyuzi zisionekane zimeshikana. Kisha mimina robo tatu ya maji yenye grafeni. Mashine ya kasia, au kasia lililofungwa kwenye drili kubwa, ni bora kuliko pipa linalozunguka, kwa sababu mchanganyiko huu ni mkavu na kwenye pipa hujiviringisha tu. Kwa kilo 25, karai na koleo pia vinafaa, mkono ukivumilia. Vaa glovu.

Baada ya dakika nne utauona bado mkavu. Subiri dakika moja zaidi kabla ya kuongeza maji. Mara nyingi hulainika wenyewe. Sasa mtihani wa mkono: finyanga donge la ukubwa wa chungwa, lirushe juu kiasi cha sentimita 30, ulidake. Likipasuka, maji ni machache. Likichuruzika kati ya vidole, yamezidi na hayarudi. Linalofaa hulala kidogo mkononi, likafuata umbo la vidole, na uso wake ukang'aa. Grafeni huufanya mchanganyiko uwe mzito kuliko kawaida, kwa hiyo kishawishi cha kuongeza maji ni kikubwa. Ukihitaji ulaini, ongeza dawa matone machache.

Kalibu iwe ya mbao iliyopakwa varnishi au kufunikwa nailoni ili isinyonye maji, na ipake mafuta ya kula. Jaza, kisha tetemesha: mashine ya kupigia msasa ikibanwa chini ya meza inatosha. Acha mara tu mapovu yanapokoma, dakika moja hadi mbili. Ukizidisha, kokoto zinazama.

Sawazisha uso kwa kipande cha mbao. Usiung'arishe kwa mwiko wa chuma. Fundi mzuri wa sakafu ataona aibu kuacha uso mkwaruzo, lakini uso uliong'arishwa umezibwa, na mvuke utakapotafuta njia ya kutoka utaukuta mlango umefungwa.

Hatua ya 8: Ukaushe kwa subira

Funika kwa nailoni na gunia bichi kwa saa 24. Baada ya saa kadhaa weka kiganja juu: utasikia joto, maana saruji hii hutoa joto jingi inapokaza, na ndiyo saa ya kuhakikisha uso haujakauka. Saruji ya alumina hupata sehemu kubwa ya nguvu yake siku ya kwanza, kwa hiyo hakuna haja ya kusubiri siku 28.

Baridi ni adui hapa. Chini ya nyuzi 20 saruji hii hutengeneza fuwele za aina nyingine, zenye maji mengi, zinazoziba vitundu na kuongeza hatari ya kupasuka motoni. Dar es Salaam au Mombasa huna wasiwasi. Ukiwa Njombe au Limuru mwezi wa Julai, tumia maji ya uvuguvugu na ulaze kalibu ndani, karibu na jiko.

Toa kwenye kalibu, lisimamishe kivulini juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite pande zote, siku tatu.

Hatua ya 9: Moto wa kwanza

Ukisoma hatua moja tu kwa makini, iwe hii.

Ndani ya bamba kuna maji ya aina mbili: yaliyobaki kwenye vitundu, na yaliyofungwa kwenye fuwele za saruji, ambayo huachiliwa zaidi kati ya nyuzi 200 na 350. Maji yaliyofungiwa kwenye nyuzi 200 hutoa mvuke wenye mgandamizo wa megapaskali 1.5, na kwenye nyuzi 250 hufika karibu 4. Saruji mpya ikivutwa kwa nguvu ya namna hiyo haistahimili. Ndiyo maana mabamba hulipuka, na vipande vyake huruka mbali.

Na hapa grafeni inageuka kuwa mzigo. Ile ile sifa inayotangazwa, kwamba huifanya saruji iwe na vitundu vidogo na isipitishe maji, ina maana mvuke nao unakosa njia. Kwa sababu hiyo tumeweka nyuzi za polipropilini: kwenye nyuzi 160 hivi zinayeyuka na kuacha vijia vyembamba vya mvuke. Mwenye kutia grafeni asiache nyuzi, na asiharakishe.

Ratiba ya bamba la sentimita 5 ni hii. Panda nyuzi 20 kwa saa mpaka 110, ukae hapo saa 6. Panda tena nyuzi 20 kwa saa mpaka 350, ukae saa 3. Zote zikijumlishwa ni kama saa 25. Baada ya hapo unaweza kupanda nyuzi 50 kwa saa mpaka joto la kazi, na kidogo zaidi ya hapo. Kipimajoto cha waya cha aina ya K kiwe kimegusa bamba lenyewe, si hewa ya tanuri.

Usiku wa manane, wakati usingizi unakushika na moto unaonekana umetulia, chukua kipande cha kioo baridi, kishike mbele ya tundu la kutolea hewa. Kikitoka jasho, maji bado yanatoka: usipandishe joto hata kama ratiba inasema muda umefika. Simama pembeni ya mlango wakati wote huo, kamwe usisimame mbele yake.

Kwa kuwa bamba hili litalala chini ya bati za mikate, mkate wenyewe usigusane nalo. Moto wa kwanza usipike chochote.

Hatua ya 10: Pima baada ya moto

Takwimu za grafeni unazokutana nazo nyingi ni za saruji ya Portland iliyopimwa bila kupashwa moto. Mwaka 2013, kwa mfano, watafiti wa China waliripoti kwamba grafeni oksaidi ya asilimia 0.03 iliongeza nguvu ya kupinda kwa zaidi ya asilimia 60, na nguvu ya kugandamizwa kwa karibu asilimia 39. Mwezi Mei 2021 sakafu ya ukumbi wa mazoezi ilimwagwa kwa zege lenye grafeni huko Amesbury, Uingereza. Kazi nzuri, lakini hakuna anayeoka mikate juu ya sakafu ile. Kwa tanuri lako, takwimu yenye maana ni ile uliyoipata wewe baada ya kuchoma.

Kwa hiyo, kabla ya kutengeneza mabamba ya tanuri zima, fanya michanganyiko minne midogo ya kilo 2.5 kila mmoja, yenye nusu kilo ya saruji: mmoja bila grafeni, na mitatu yenye asilimia 0.02, 0.04 na 0.06, yaani mililita 25, 50 na 75 za kimiminika chako. Kumbuka kutoa mililita hizo kwenye maji. Ulaini uwe sawa kwa yote, ukirekebishwa kwa dawa. Kila mmoja utatoa vipande vitano vya milimita 40 kwa 40 kwa 160. Viwili vivunje baada ya kukauka kwenye nyuzi 110. Vitatu vichome kwanza kwa joto la kazi yako, vipoe, ndipo uvivunje.

Kuvunja hakuhitaji mashine ya mamilioni. Laza kipande juu ya vyuma viwili vya mviringo vilivyoachana milimita 100, weka chuma cha tatu juu katikati, na ukandamize kwa wenzo wa uwiano wa moja kwa kumi uliofungwa ndoo mwishoni. Mimina mchanga polepole ndani ya ndoo. Kipande kikikatika, pima ndoo. Nguvu ya kupinda, kwa megapaskali, ni nguvu ya nyutoni iliyokandamiza kipande mara 0.00234. Ndoo ya kilo 25 ni kilo 250 juu ya kipande, sawa na nyutoni 2,450 hivi, ambazo zinakupa megapaskali 5.7. Weka sanduku la mchanga chini ya ndoo, miguu yako iwe mbali.

Angalia na mvunjiko wenyewe. Mabaka meusi yaliyojikusanya maana yake hukusambaza vizuri, rudi kwenye glasi mbili. Rangi moja kote, na ufa unaozunguka kokoto kwa kujipinda badala ya kukata moja kwa moja, ndicho unachotafuta.

Anayejenga tanuri la alumini achome vipande vyake kwenye nyuzi 800 na ajiandae kwa jambo moja: saruji ya alumina huwa dhaifu zaidi kati ya nyuzi 600 na 1,000, kwa sababu mshiko wa maji umekwisha na mshiko wa kuungana kwa joto, kama wa chungu, bado haujaanza. Vipande vyote vitashuka nguvu, vyenye grafeni na visivyo nayo. Kama baada ya nyuzi 800 tofauti kati yake haionekani, basi kwa ukuta wa mbele acha kabisa grafeni, na fedha yake nunulia mikrosilika (unga laini mno wa silika) na alumina laini, ambazo haziungui.

Kwa bamba la mikate, chagua kiwango kidogo kabisa kilichokupa nafuu baada ya moto. Mara nyingi kupandisha kutoka asilimia 0.04 kwenda 0.06 kunaongeza uzito wa mchanganyiko na usumbufu wa kukausha kuliko kunavyoongeza nguvu, na ukiona vipande vya 0.06 vimeshuka chini ya vya 0.04 usifikiri umepima vibaya: makaratasi yameanza kushikana.